Mama Malitaba, Moshi wa Viazi na Blanketi

Bila mimi, nchi nzima ya Lesotho ingekula viazi vilivyoota ndevu. Ndiyo maana kamati ya ghala imenipa mimi, Tefo, dereva wa trekta, kalamu ya kuandika habari za Mama Malitaba Sekese, mfukizaji wa ghala letu hapa Mokhotlong. Anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja.

Dawa anayofukiza ni klorprofamu, jamii ya kemikali ziitwazo kabameti. Asili yake ni kuua magugu; sisi huitumia kuzuia viazi vya kula visichipue. Haipatani na maji. Baridi ya huku huigandisha pipani kama samli, na huyeyuka kwa joto linalozidi kidogo lile la mwili. Mama huliweka pipa nje, kwenye karai la maji moto, akasubiri. Siku moja mimi, niliyewahi kumfukuza chui kwa chafya, nilileta kuni zinazowaka ili tumalize mapema.

"We Tefo, mkeo amechoka kuwa na mume?" akanifokea. "Mvuke huu ukishika moto, tutakuzoa kwa kijiko!"

Kuni nikazirudisha.

Moshi wenyewe huwasha macho na koo, kwa hiyo alivaa barakoa na glavu hata alipokuwa peke yake. Mabaki hakumwaga mtoni, samaki wangekufa. Miaka yote hiyo hakuna aliyebebwa kutoka ghalani.

Lakini sheria yake kali ilihusu mablanketi. Sisi tunayavaa kutwa, na jalidi, ule umande ulioganda, ikianguka tunafunika nayo mbegu za viazi. Sufu hunywa ule moshi, na mbegu ikiupata haichipui. Basi Mama aligonga misumari nje ya mlango: tundika blanketi, ndipo uingie.

Mzee Khauta, mkulima mwenzetu, alikataa. "Blanketi langu la harusi nilitundike kama tambara?" Akaingia nalo. Wiki ile jalidi ikaanguka, akafunika mbegu zake. Msimu wa kupanda ulipofika, mashamba yetu yakawa kijani, lake likawa tupu kama kichwa changu. Mama alimgawia mbegu zake mwenyewe, na neno moja tu: "Mzee, blanketi lako linafukiza kunizidi."

Sasa anakwenda kulima mbegu tutakazopanda sisi sote mwakani. Zisipochipua zake, hatuna chakula. Kwa hiyo tulimnunulia blanketi zito la kuzifunikia. Nililichagua mimi, mwenye duka alisimama kwa heshima. Nikamwomba Khauta alifiche mahali Mama asipoweza kuliona.

Akalificha ghalani, nyuma ya magunia. Alhamisi Mama akafukiza kwa mara ya mwisho, akaifukiza na zawadi yake.

Mama Malitaba, ahsante kwa macho yetu na mapafu yetu. Shamba lako likuitikie, na magoti yasikusumbue. Jumamosi nitakukabidhi blanketi langu mimi. Funika nalo mbegu bila wasiwasi, ni safi kabisa. Katika miaka yote niliyosimulia jinsi tulivyofukiza pamoja, halijawahi kuvuka mlango ule, wala mimi sijawahi. Naogopa moshi. Huwa nakaa kwenye trekta, vioo nimefunga.