Elube Mtambalika, Aliyetaka Maboksi Yafunguliwe

Elube Mtambalika alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Kamlomba, nyanda za juu za kati za Malawi, mtoto wa kwanza wa Mzee Lefani na Mama Dorofe, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1973. Nafasi ya sekondari aliipata, karo haikupatikana. Hakulizungumzia jambo hilo, ila cheti chake kilikuwa ndani ya Biblia yake mpaka wiki hii.

Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye ghala la mahindi la serikali, akawa karani wa mizani kwa miaka ishirini na tisa. Gunia halikupita kwake bila kufunguliwa, hata likiwa la mchungaji. Mkulima mmoja, Fanizo Kachigamba, alikatwa kilo mbili kwa sababu mahindi yake hayajakauka. Akafoka mpaka foleni ikacheka, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi bila gunia. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982. Hawakujaliwa mtoto, lakini walipendana kiasi cha kuwakera majirani.

Fanizo alifariki kwa malaria tarehe 3 Februari 2010 katika kituo chetu cha afya cha Nsangwe. Mhudumu alisema dawa zimekwisha. Mezani kwake palikuwa na hati ya mapokezi ya juma lile lile, na Elube, kwa mazoea ya kazi, akaisoma. Dawa ya mumewe ilikuwa imeandikwa kwamba imepokelewa, na kamati ya wanakijiji imetia saini. Baada ya matanga aliomba kuingia kwenye kamati hiyo.

Kwetu lori la dawa lilipokelewa kama mgeni. Wanawake walipiga vigelegele, mwenyekiti akapokea boksi la kwanza kwa mikono miwili, akatia saini, na yote yakaingia stoo yakiwa yamefungwa. Kufungua alicholeta mgeni naye yupo hapo ni kumvunjia heshima, na sisi ni watu wa heshima. Tarehe 6 Desemba 2010 Elube alisimama katikati ya vigelegele akataka maboksi yafunguliwe. Mwenyekiti akamnong'oneza aketi, anawaaibisha.

"Zawadi ndiyo haifunguliwi," alisema. "Hizi dawa ni kodi yetu. Nani kati yenu amewahi kupewa zawadi ya kitu chake mwenyewe?"

Dereva alichukia. Alipakia kila kitu akaondoka, na kwa wiki tano Nsangwe haikuwa na hata kidonge cha homa. Lawama zote zilimwangukia Elube. Aliondolewa kwenye kamati, na kiti chake akapewa mdogo wake, Jailosi, anayewasomea wasifu huu. Jailosi alitia saini miaka kumi na tatu. Hakufungua hata boksi moja.

Tangu hapo Elube aliandika barua kila mwaka kwa ofisi ya afya ya wilaya, akiomba fedha na dawa zinazoletwa Nsangwe zibandikwe ukutani kila mwezi, watu wasome. Alijibiwa mara moja tu, mwaka 2012: ombi la mtu mmoja haliwezi kuhesabiwa kuwa la wanakijiji, alete angalau jina la pili. Kwa desturi yetu mwanamke mwenye shauri husemewa na kaka au mdogo wake wa kiume. Kwa hiyo alikwenda kwa Jailosi, akamwekea karatasi na kalamu.

"Dada, mimi nina watoto wanaotibiwa pale," Jailosi alimwambia. "Huo ugomvi ni wako."

"Haya, baba," alijibu, akakunja karatasi yake. Hakumwomba tena. Lakini kila barua aliyopeleka baada ya hapo ilikuwa na mstari wa pili, mtupu. Alikwenda nazo mjini peke yake, akarudi peke yake, na sisi tuliokuwa barabarani tulimsalimu kwa haraka tukaendelea na safari zetu. Alikula peke yake. Hili linauma kulisema, na ni kweli.

Kisukari kilimpata mwaka 2019. Mwezi wa tano mwaka huu sindano zake zilikosekana Nsangwe, ingawa hati ilionyesha zimekuja, na saini ilikuwa ya mdogo wake. Jailosi aliiona. Alimpelekea dada yake nsima, ugali wetu, na majani ya maboga, wakala pamoja. Elube alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mdogo mmoja, Jailosi. Wifi yake, Tisungane. Na watoto wao Lameki, Falesi na Yamikani.

Ameacha pia barua ya mwaka huu, tayari imeandikwa. Jailosi aliweka jina lake kwenye mstari wa pili jana, wakati mwenye barua hawezi tena kuliona. Ataipeleka mjini Jumatatu. Gari linaondoka njia panda saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye karatasi bado ipo nafasi. Hata asipotokea mtu, atakwenda.

Mungu ampokee dada yetu Elube, ampe pumziko jema, na huko aliko asikae peke yake.