Mkubwa Aliyekuwa Nyuma ya Ukuta

Mheshimiwa mganga mkuu, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mafundi, na majirani zangu mliojibana huko nyuma, hamjambo? Mimi ndiye mama wa fundi mkuu mpya wa mitandao. Mnamwona alivyoinamisha kichwa? Anaomba Mungu nisiongee sana. Pole, mwanangu, kipaza sauti ninacho mimi.

Shule sikufika mbali, lakini hili alinieleza nikaelewa. Hospitali hii ina visanduku vinavyounganisha kompyuta. Wenyewe wanaviita swichi. Umeme ukirudi, kila kimoja hutangaza: "Mkubwa ni mimi!" Kisha vinasikilizana. Chenye namba ndogo kuliko vyote kinashinda, vingine vinanyamaza, na njia zote zinapangwa kukielekea, ili ujumbe usizunguke ovyo bila kufika. Asipokuwepo mtu wa kuvipangia namba, mara nyingi mshindi ni kikongwe, maana vya zamani vilitoka kiwandani na namba ndogo.

Basi skrini za wodi ya wachanga zikawa zinaganda. Mtoto anahema, skrini haisemi kitu. Muuguzi mkuu, si ulikuwa unazunguka vitandani ukiweka kiganja juu ya vifua vyao? Binti yangu akaviuliza visanduku: mkubwa wenu nani? Vyote vikataja kimoja, ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Akafuata waya. Waya ukaingia ukutani. Akamwita mwashi.

"Dada, hapa hakuna chumba," mwashi akamwambia.

"Waya umeingia, kaka. Wewe toboa."

"Nikikuta mtu je?"

"Msalimie."

Akatoboa. Ndani mlikuwa na chumba kilichozibwa kikasahauliwa: kiti kimoja, vumbi la kuficha kandambili, na gizani kitaa cha kijani kinapepesa. Kinatawala! Hospitali nzima ilikuwa inakitii, hata wewe, mheshimiwa, bila kujua, nacho kwa uzee wake kilikuwa kinaelemewa, ndiyo maana skrini zikaganda.

Mwingine angekichomoa palepale. Binti yangu, jamani mimi nimezaa, akakataa: ukubwa ungemwendea kikongwe mwingine, na skrini zingezimika watu hawajajiandaa. Akaomba muuguzi kila kitanda, kisha akakipa kisanduku kipya namba ndogo zaidi. Skrini zikazimika. Wauguzi wakaweka viganja vifuani. Zikawaka, na hazijaganda tena.

Ndipo akarudi kukichomoa kile kizee. Nikamuuliza, uliogopa? Akasema, "Mama, chumba hakikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilipokichomoa kile kizee, hakuna kisanduku hata kimoja kilichokiulizia."

Kwa hiyo makofi yake mpeni sasa hivi, akiwa anayasikia. Nawashukuru kwa masikio yenu.