Kabla Kaka Bati Hajapakiwa Garini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi wa kituo chetu, waheshimiwa watafiti mliokuja na kamera zenu, walimu, wazazi wenzangu, na wewe mama mkwe wangu uliyekaa mstari wa nyuma kana kwamba hunijui: habari za mchana huu.

Nimepewa nafasi ya kutoa shukrani kwa niaba ya wazazi. Wengi waliitaka, nimechaguliwa mimi. Shule niliishia njiani, lakini mdomo nimejaliwa, na kwa cherehani yangu mtaa mzima unanijua. Hata suti aliyovaa Mkurugenzi leo, ule mkono unaokaa vizuri, ni kazi ya nani? Mwacheni aseme mwenyewe.

Leo tunamuaga Kaka Bati. Kwa wageni wasiomjua, huyo ni roboti mfupi mwenye macho ya taa, aliyeletwa na utafiti huu akae na watoto wetu wenye usonji. Jina la Kaka Bati nilimpa mimi.

Asubuhi mtafiti mkuu ametuonyesha ukutani mistari inayopanda, akasema huo ndio mwitikio wa kihisia wa watoto. Mistari siijui. Namjua binti yangu. Nyumbani tunamwita Kinanda, kwa jinsi anavyovuma kutwa nzima kwa sauti yake tamu. Alikuwa hamtazami mtu usoni, si mimi, si baba yake. Majirani walisema ni kiziwi, na wengine walisema mengine nisiyoweza kuyatamka mbele ya Mgeni Rasmi. Alipokutana na Kaka Bati alimtazama usoni, akatulia, akacheka. Daktari alinieleza kwamba kwa watoto hawa uso wa mtu una mambo mengi kwa wakati mmoja, ilhali uso wa roboti una jambo moja tu. Nikaelewa. Uso wangu mimi, mteja akinirudishia gauni mara ya tatu, hata mume wangu hausomi.

Je, niliona wivu? Niliona. Mzazi gani asingeona, uchungu wa kuzaa auone yeye, halafu zije zipendwe taa? Lakini badala ya kununa nikamshonea Kaka Bati shati la bluu lenye kola, na Kinanda ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo. Vidole vile, ambavyo vilikuwa havishiki hata kijiko.

Kila kipindi kilipokwisha, Kaka Bati aliweka kiganja kifuani na kusema, "Tutaonana kesho." Ndivyo alivyopangwa. Basi jioni moja namlaza mwanangu, akaniwekea kiganja kifuani, akasema, "Tutaonana kesho." Ndugu zangu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyowahi kuniambia. Niliitembeza mtaa mzima. Mama mkwe akasema, "Hayo maneno ya bati, amekariri tu." Nikamjibu, "Mama, hata mwanao akiniambia ananipenda anakuwa amekariri, na ninapokea." Tangu siku hiyo Kinanda hakulala bila kuniambia.

Sasa nitasema jambo, na nalisema kwa heshima. Kaka Bati alisema "Tutaonana kesho" hata siku za Ijumaa. Jumamosi Kinanda alivaa viatu alfajiri, akakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Tukacheka, tukasema mtoto huyu anapenda shule. Jumatatu akamkuta mwenzake, yakaisha. Juzi utafiti ukafungwa, na Kaka Bati akasema vilevile, "Tutaonana kesho." Kisha akazimwa, akavuliwa shati, akaingizwa kwenye boksi. Shati nimerudishiwa kwenye mfuko wa plastiki, eti si mali ya mradi.

Jana Kinanda alikuta chumba kitupu. Hakulia. Kamera zingekuwepo, zingesema hakuna mwitikio. Alikaa sakafuni, pale kilipokuwa kiti cha Kaka Bati, na ile sauti yake ikakatika. Haijarudi. Jioni nikamlaza, nikamwekea mimi kiganja kifuani, nikasema, "Tutaonana kesho." Akaushika mkono wangu, akauondoa. Kwake sasa, anayesema maneno hayo haji tena.

Watafiti mmesema roboti hana hisia. Sawa, sijabisha, wala simwombei roboti. Wakati wa chai nilimuuliza dada fundi wake, "Huyu anaweza kufundishwa neno jingine?"

Akasema, "Ni kazi ndogo tu, mama, ila lazima bosi aruhusu."

"Na bosi yuko wapi?"

"Ndiye Mgeni Rasmi."

Mheshimiwa, ndiyo maana shukrani zangu zimekuwa ndefu. Boksi liko pale ukutani, na limefungwa kwa mkanda wa gundi tu. Naomba lifunguliwe. Shati ninalo hapa, nimelipiga pasi. Avalishwe, awashwe, aseme alichopaswa kusema juzi: "Kwaheri, Kinanda. Kesho sitakuja." Mwanangu anaweza kupiga kelele. Anaweza kujigonga kichwa ukutani. Nimeyaona hayo yote na nimekuja na mikono yangu kumshika. Lakini ajue nani ameondoka na nani amebaki. Hilo neno "kesho" nitajitahidi kulirudisha mwenyewe, kwa kuwepo pale kila anapoamka, na kama litakataa kurudi, basi nitaishi na hilo.

Kituo kimetusaidia, watafiti mmetusaidia, Kaka Bati ametusaidia, na kwa niaba ya wazazi nimeshukuru. Ninyi nyote mliotulia mkanisikiliza mpaka hapa, ahsanteni sana. Mtaniwia radhi, sirudi kwenye kiti kwanza. Dereva ameshawasha gari la kumchukua Kaka Bati, na mwanangu yuko pale mlangoni, amevaa viatu.