Pua ya Mama Achol

Ejok, ndugu zangu! Jina la Yesu litukuzwe kuanzia Kakuma mpaka Lodwar!

Mimi ni Ekai, mwendesha pampu ya maji hapa kambini. Leo mnaniona nimechomekea shati, lakini mwaka wa 2012 pombe kali ya chang'aa ilikuwa imenishika koo. Nilikunywa kabla ya chai. Mikono ikitetemeka, nakunywa tena ndiyo niweze kushika spana.

Asubuhi moja nililala chakari nyuma ya injini, funguo ziko mfukoni. Jua likapanda, mabomba makavu! Akina mama wamepanga mitungi, watoto wanalia kiu. Aliyenipata ni Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Akazitoa funguo mfukoni mwangu, akafungulia watu maji. Ndugu zangu, aibu ile naisikia hadi leo.

Msimamizi wangu wa kazi akaniambia nikatibiwe ulevi, la sivyo kazi basi. Matibabu yenyewe yalikuwa Lodwar, kila Alhamisi. Sasa nikienda, maji atafungua nani? Nikibaki, pombe itanimaliza. Nililia mbele za Mungu!

Mungu akamtuma yule yule mama. Alimwendea msimamizi, akamwambia, "Alhamisi mimi nafungua. Huyu ni mtu ya kwetu." Kisha akanigeukia: "Lakini Ekai, funguo inalala kwangu. Kila asubuhi unaleta mdomo hapa, nanusa kwanza."

Na alinusa kweli! Mwanamume mzima nimeachama mbele ya foleni, akina mama wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Siku moja nimetoka kliniki Lodwar, rafiki wa zamani akanivuta mkono twende kwa wauza pombe. Jamani, tamaa ilinibana! Nikaomba, "Bwana, nisaidie," na papo hapo nikaikumbuka ile pua inayoningoja. Nikapanda gari la Kakuma bila kuonja hata tone. Haleluya!

Mwaka uliofuata, asubuhi moja nikaenda kuachama kama kawaida. Mama Achol hakunusa. Aliniwekea funguo mkononi.

"Funga mdomo, nzi itaingia. Enda, watu wako na kiu."

Nilifungua pampu huku machozi yananitoka.

Asante Yesu! Wewe unayejificha na chupa, mtumaini Mungu, umwambie na jirani yako, ukatibiwe. Ukiona nadanganya, kesho asubuhi njoo bombani na mtungi wako. Nitakufungulia mimi mwenyewe.