Pensheni Yangu Iko Juu ya Vichwa Vyenu

Mheshimiwa Naibu Waziri, Mkurugenzi wa kiwanda chetu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi washonaji wenzangu mliokaa karibu na makreti ya soda mkidhani sijaona: hamjambo!

Asiyenijua basi hajawahi kuvaa sare. Mimi ndiye Mkasi, mkata vitambaa mkuu hapa kwa miaka thelathini na moja. Shule sikukaa sana, lakini nimepima viuno vya mawaziri watatu, na siri zao nitazikwa nazo!

Leo tunaagwa wawili, mimi na dada yangu wa kazi, Mama Vifungo. Na Mheshimiwa amekuja kutusikiliza kabla hajaenda bungeni kujadili jambo moja: akiba ya uzeeni iwe lazima kwa kila mfanyakazi, au ibaki hiari kama ilivyo? Desturi yetu, jambo zito tunalipigia kura kwa vifungo. Cheupe lazima, cheusi hiari; kopo lile pale mezani. Nami mmenipanga kuitetea hiari, maana ni nani aliyeipigia kelele kunishinda?

Kila Januari karani alipita na fomu ya akiba. Mama Vifungo akitia sahihi, mimi nikimfukuza karani: "Mwanamume hujiwekea mwenyewe!" Siku moja mama huyu akasema, macho yake kwenye cherehani, "Haya kaka, jiwekee. Ila mfuko wako una mdomo mpana kuliko huo wako."

Na nilijiwekea, msidhani! Kila mwaka nilinunua mabati, nijenge vyumba vya kupangisha. Bati haliliwi na panya. Basi upepo ukang'oa paa la jirani; ningemwacha alowe na wanawe? Nikampa sita. Shemeji akaezekea jiko. Na wewe fundi wa mashine unayejificha nyuma ya spika, yako manane! Mvua ikinyesha mtaani, naisikia pensheni yangu ikilia juu ya vichwa vya watu.

Sijutii hata bati moja. Lakini Jumatatu Mama Vifungo atakunywa chai kwake mpaka saa nne, na Jumatatu hiyohiyo mimi naanza kulinda geti la kiwanda hiki, na mke wangu, niliyemwahidi kupumzika, ataendelea kufua nguo za watu. Hamkujua? Sasa mnajua.

Sinywi, sichezi kamari. Nina mkono usioweza kusema hapana, basi. Humu ndani niko peke yangu? Mbona mmeinamisha vichwa? Mkono wa namna hii, Mheshimiwa, fomu haiuwezi, unataka sheria!

Ila usipige makofi mapema, mzee wangu. Wanaoipinga lazima si wajinga. Nilikuwa jemadari wao. Wanaogopa kukatwa mshahara leo na kuzungushwa madirishani kesho wakidai chao. Mkitulazimisha kuweka, jilazimisheni kulinda, na mtulipe tungali na meno. Nawaambia kama mkataji: mguu mmoja ukiwa mfupi, suruali nzima imeharibika.

Mama Vifungo, nimekucheka miaka thelathini na moja. Leo naomba kifungo. Cheupe, dada. Eti unacho tayari mkononi? Tangu asubuhi? Ama kweli wewe!

Haya, nakitumbukiza. Mmekisikia? Kopo liko wazi, vijana tangulieni. Asanteni kwa masikio yenu, na Jumatatu atakayechelewa kazini asinililie: getini ni mimi!