Neno Lililomezwa na Ngurumo

Rufina, Timofei, sogeeni hapa kitandani, na wewe mama mkwe wangu, Agafya Lukinichna, shika penseli uandike, maana gari la hospitali likifika watanibeba nikapasuliwe tumbo, na naogopa, wanangu, sitawadanganya, ila kuna mzigo nimeutua jana na kifua changu hakijawahi kuwa chepesi hivi tangu tuhamie Karaganda.

Daftari la kijani ni lenu. Mnajua nilivyoliandika: Biblia haziuzwi, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu ya kiwanda cha matofali, nilibana sikio redioni, na yule dada wa ng'ambo akasoma Injili kwa Kirusi polepole, kila kipande mara mbili, akitaja hata mkato na nukta, ndiyo maana wewe Timofei ulipoanza kusali ulimalizia, "Amina, nukta." Serikali nayo, isiyotaka tumsikie, ikawasha mitambo yake ya kelele hewani, ngurumo ya kumzima. Basi alipofika pale Yesu anapowaita waliolemewa, ngurumo ikameza neno moja, mara ya kwanza na ya pili. Wakija, atawafanya nini? Baridi ile tulikuwa na viazi vitatu ndani, baba yenu kafungwa kwa ajili ya sala, nami nikaandika lililokuwa tumboni mwangu: nitawalisha.

Ndugu Zakhar, mzee wetu wa kanisa, akalisoma makaburini miaka sita, na watu wakaanza kupeleka mkate kwa wafiwa, kila nyumba mkate mmoja, kwa kuwa Bwana kasema. Mwaka wa pili tu redio ikarudia sura ile, hewa shwari, nikasikia: nitawapumzisha. Nikanyamaza. Wanasema mficha uchi hazai, nami wawili nilikuwa nimeshawazaa, basi siri nikaibana kwapani. Shangazi yenu Klavdia peke yake alinishuku: "Wifi, neno hilo mbona linanuka jikoni?" Nikamnunia miaka minne kwa kuwa alisema kweli. Redio mpeni yeye, na mniombee radhi.

Jana nikamwambia Ndugu Zakhar. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, nami natamani ardhi ipasuke. Kisha akasema, "Taisia binti yangu, umenifanya nimsingizie Bwana kwenye mazishi kumi na tisa." Mara akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Neno tutalirudisha. Mkate haturudishi."

Nakwenda mbio, mama? Samahani. Rufina, wewe ndiwe mwenye mwandiko mzuri. Usichane ukurasa. Pitisha mstari mmoja katikati ya neno langu, libaki linasomeka, na juu yake andika lile la kweli. Kuanzia sasa mazishini lisomwe hilo, hata kwenye yangu... hapana, mama, hilo usiliandike. Andika kwamba mkate uendelee kupelekwa, na asiulizwe mtu kama ni wa kanisa letu.

Nipeni mikono. Bwana awatangulie mkitoka, awapokee mkirudi, awape midomo isiyo... isiyoona haya kusema nilikosea. Baba yenu akifunguliwa mwambieni... mwambieni nililala vizuri jana, usiku mzima, kama mtoto. Ni gari hilo? Subirini kidogo, pumzi... Awabariki. Timofei, funga vifungo vya koti, watafungua mlango.