Aliyeinuka Bila Kuaga

Sogea hapa, na kabla sijafungua mdomo uape kwanza. Uape kwamba hili halivuki kizingiti, halifiki bombani penye foleni ya ndoo, na zaidi ya yote halimfikii mke wa Spana, maana huyo ukimpa neno asubuhi, jioni linakurudia limeshazaa. Umeapa? Haya. Hata mimi Mama Birika aliniapisha, mkono kifuani, nikaapa kwa sauti kubwa kuliko yako, basi tuko sawa. Benchi lake unalijua: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda chake cha kahawa. Matofali hayakutosha, kwa hiyo upande wa barabarani ubao umening'inia hewani, na anayekaa huko anashikiliwa na uzito wa wenzake. Ndiyo maana pale kuna sheria moja tu: kabla hujaondoka useme "Nainuka!", mwenzako ajishike. Mengine yote, uongo, umbea, kumsengenya aliyetoka sasa hivi kununua vocha, yanaruhusiwa.

Siku hiyo aliyechoka kuliko wote alikuwa Injinia, mtoto wa dada yake Mama Birika, yule binti anayetengeneza programu za simu. Chumba alichopanga umeme wake unakuja kama mgeni, ukipenda. Basi alikuwa amehamia kwa mama yake mdogo na kompyuta yake, ameiweka juu ya kreti la soda karibu na mlango, penye soketi, mwenyewe amekaa benchini. Zahanati ilimpa kazi: programu ya kuwakumbusha wajawazito siku ya kurudi kliniki. Kuiandika alikwisha kuiandika. Kilichobaki ni kuijenga tu. Unabonyeza kitufe, kompyuta inakusanya vipande vyote, vingine inavivuta kutoka ghala la mtandaoni, inavifunga kuwa kitu kimoja kinachoingia kwenye simu. Lakini yeye akibonyeza, mstari unatambaa, unatambaa, kisha maandishi mekundu skrini nzima. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alikwisha kuahirishiwa mpaka akachoka. Safari hii alitamka wazi: "Alasiri nakuja mwenyewe na simu yangu. Nisipoiona ikifanya kazi, kazi nampa mwingine. Mimba haziahirishwi, binti."

Na alasiri ilikuwa inaingia. Injinia akabonyeza. Mstari ukatambaa. Nyekundu.

— Imegoma? aliuliza Spana bila kugeuza shingo.

Spana ni fundi baiskeli, mwenye kiti chake cha kudumu kule kwenye ncha inayoning'inia, kwa sababu ndiko anakoonea wateja. Suruali yake ina mafuta kuliko cheni anazozipaka.

— Imegoma, alijibu Injinia.

— Inasemaje safari hii?

— Ileile. Cheti cha ghala bado hakijaanza kutumika.

— Cheti? Hedimasta alitikisa kichwa. Ghala halina cheti, na wewe unachukua mali huko?

Hedimasta, mkaaji wa upande wa pili wa ubao, jirani na kreti, ni mwalimu mkuu mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Enzi zake kengele ikilia alikuwa anafunga geti la shule kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi aliyechelewa alipiga magoti nje, na mwalimu aliyechelewa aliruka ukuta. Hakuna aliyeaminika pale kijiweni kama yeye. Injinia kila akienda kujisaidia, au kula, au kunyoosha mgongo, alimwambia yeye tu: "Nishikie mashine, babu."

— Siyo hivyo, babu. Ghala lina cheti, ni kama kitambulisho chake cha mtandaoni. Nimewauliza wenzangu kwa simu, wote wanasema kwao linafungua vizuri. Ni kwangu tu.

— Umesafisha? Spana akauliza.

— Nimesafisha.

— Umefuta ukaweka upya?

— Nimefuta vifaa vyangu vyote vya kujengea, nimeviweka upya vyote. Bando la mama mdogo lote limekwenda humo.

— Nimeliona, alisema Mama Birika kutoka ndani, na ile "nimeliona" ilikuwa na uzito wake.

— Basi ni vumbi, Spana akahukumu. Nimeisikia inavyokoroma. Kitu kikikoroma hivyo kuna mchanga kwenye gololi.

— Kompyuta haina gololi, mjomba.

— Umeifungua ukaona?

Injinia alijifikicha macho. Alikuwa amefika ile hatua ya uchovu ambapo mtu anasikiliza ushauri wowote, hata wa gololi, kwa sababu wa kwake umekwisha. Macho yalimuwasha. Kimoyomoyo alikuwa ameanza kutunga maneno ya kumwambia Sista, na kila sentensi aliyoitunga ilianza na "samahani". Akabonyeza tena, kama mtu anayerudi kuangalia sufuria ambayo anajua haina kitu.

Mama Birika akatoka na birika lake, akamimina.

— Mimi niliwaambia toka mwanzo, hii ni husuda. Mashine ilikuwa nzima. Siku niliyowaambia wale wa saluni kwamba mtoto wangu anatengenezea zahanati programu, kesho yake nyekundu.

— Mama mdogo, kwa nini uliwaambia?

— Sasa nifurahi peke yangu?

— Husuda haiingii kwenye waya, alisema Hedimasta.

— Inaingia kwenye maziwa yakakatika, itashindwa waya?

— Ni satelaiti, mama. Hedimasta alinyoosha kidole juu, kama vile inaonekana. Juu kule zimejazana, zinagongana mabega. Neno la huyu binti linapanda, linakutana na neno la mwingine njiani, linarudi limechanganyikiwa. Hilo ni jambo la kisayansi.

— Satelaiti ziko mbali! Spana akadakia. Mimi nawaambia kitu cha hapahapa. Hiyo mashine inasukuma watu.

Wote wakamtazama.

— Inasukuma nani?

— Mimi! Hamjaona kiwiko changu? Hizi siku, nikimaliza kula nasinzia kidogo hapa kwenye ncha yangu, nashtukia niko chini, ubao umenifuata. Siyo mara moja. Na kila mara Injinia hayupo, mashine iko peke yake. Inajua mwenyewe hayupo, inatoa umeme wake, puuu, inanisukuma.

— Unaota, alisema Hedimasta haraka.

— Nitaota kiwiko?

— Unasinzia vibaya. Umri huo, Spana.

— Kama ina nguvu ya kumsukuma mtu mzima, alisema Mama Birika kwa sauti ya chini, basi siyo mashine tena. Mwanangu, hiyo kompyuta uliinunua kwa nani? Aliyekuwa nayo yu hai?

— Mama mdogo, tafadhali.

— Nauliza tu. Labda mwenyewe bado anaitumia.

Injinia akalaza paji la uso kwenye magoti. Akacheka kidogo, kicheko kile ambacho kikirefushwa kinageuka kitu kingine. Na hapo ndipo kivuli kilipoanguka juu ya kreti.

Sista. Gauni jeupe, viatu vya kutembea, simu mkononi.

— Hodi hapa.

— Karibu, Sista, waliitikia wote, kila mmoja na sauti ya mtu anayejua habari mbaya ya mwenzake.

— Shikamoo, Mwalimu, Sista aliongeza, akainama kidogo. Maana na yeye aliwahi kupiga magoti nje ya lile geti.

— Marahaba. Umefika kwa wakati. Vizuri sana.

— Injinia, tusipotezeane muda, nina watu wananingoja. Nitakuuliza jambo dogo tu. Mama akija kwangu leo, hii programu yako itamwambia arudi lini?

— Itahesabu kutoka tarehe ya leo, Sista, ila...

— Sawa. Na leo kwa mashine yako ni tarehe ngapi?

Swali la kitoto. Injinia akapeleka kishale chini ya skrini. Kioo chake ni kidogo na kona moja imepasuka, kwa hiyo ule ukanda wa chini wenye saa alikuwa ameuficha ili apate nafasi ya kuandikia. Ukanda ukachomoza. Akautazama. Akasogeza uso. Akautazama tena.

— Mbona inasema mwezi uliopita? aliuliza Sista.

Spana akajikuna kiwiko. Mama Birika akashikilia birika hewani bila kumimina. Hedimasta akanyanyua kikombe akanywa kwa utulivu, ingawa kikombe kilikuwa kitupu.

— Ndiyo maana, alisema Injinia polepole, akiongea na skrini. Cheti kimetolewa majuzi tu. Mimi huku niko mwezi uliopita. Kwangu hakijazaliwa bado... Jamani! Nimefuta vifaa vyote vya kazi kwa ajili ya saa!

— Imechoka, ikajirudisha ujanani, Spana akaeleza. Hata mimi ningeweza ningefanya hivyo.

— Saa hairudi yenyewe, mjomba. Na haya mambo ya kujirekebisha kwa mtandao yamezimwa. Kuna mkono wa mtu hapa.

— Hamkunisikia! alisema Mama Birika. Husuda ina mikono!

Injinia akarekebisha tarehe, akabonyeza kitufe. Mstari ukaanza kutambaa. Ukafika pale unapofia kila siku. Akashika pumzi. Ukapita. Vipande vikaanza kushuka kutoka ghalani, kimoja kimoja, bila neno jekundu hata moja.

— Inakwenda, alinong'ona. Sista, inakwenda. Ngoja nikuletee kiti, usikae kwenye ubao huu. Msiiguse hata kidogo, mtu akiichezea saa sasa hivi tunarudi mwanzo. Babu, nishikie mashine. Nainuka!

Spana akajishika. Injinia akaingia ndani, miguu myepesi kwa mara ya kwanza tangu lini sijui. Mama Birika akamgeukia Sista amwonyeshe kidole chake cha mguu kinachovimba jua likizama, na Sista, kazi ni kazi, akainama kukitazama. Spana, roho imetulia, akaomba mmimino wa mwisho wa birika, akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho avute harufu.

Ngoja nikwambie alichokiona Hedimasta, maana hilo ndilo nililoapishwa. Nyuma ya ule mstari unaotambaa, kulikuwa kumefunguka kidirisha kingine. Ubao wa dama. Kete zimepangwa, na juu yake maneno: Muda wako wa majaribio umekwisha. Na ule ubao ukaanza kufifia.

Benchi likainama. Spana akaenda chini, ubao ukamfuata, kahawa ya mwisho ya birika ikamwagikia suruali.

— Imenisukuma tena! Spana alipiga kelele akiwa mgongoni. Mmeona? Mmeona wenyewe?

Waliona. Sista aliinua kichwa kutoka kwenye kidole cha Mama Birika. Mama Birika aligeuka. Injinia alisimama mlangoni, kiti mikononi. Wote walimtazama Spana pale chini, kisha wakautazama upande wa pili wa benchi uliokuwa juu hewani, mtupu, kisha wakaitazama kompyuta. Hedimasta alikuwa amepiga magoti mbele ya kreti, shati lake la pasi limetoka kiunoni, kidole kimoja kiko juu ya kitufe, na dirisha la tarehe liko wazi.

— Babu, alisema Injinia. Hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza. Toa mkono.

Hedimasta hakuutoa wala hakubonyeza.

— Nilikuwa nimebakisha kete moja, alisema. Nimempata kona, hana pa kutokea.

— Nani?

— Huyu wa ndani. Kijana wa mtaa wa pili aliniwekea, akanionyesha kwamba muda ukikaribia kwisha, unairudisha tarehe nyuma, unaendelea kucheza. Sikujua kama inakugusa wewe. Naapa sikujua. Mpaka leo.

— Na leo umejua, alisema Mama Birika, na bado umeinuka.

Hedimasta akautazama ule ubao wa dama unaofifia.

— Tangu Posta, mwenzangu wa dama, ahamie kwa binti yake hakuna anayecheza dama na mimi. Nikifikiria kidogo tu mnaniambia harakisha. Wewe Spana uliniambia mimi nikishika kete mvua inanyesha na kukauka. Huyu haniambii harakisha. Ananingoja.

Spana alijikung'uta kahawa pale chini. Kiwiko kilimuuma, lakini safari hii hakukisema.

Sista akasogea. Akamtazama yule mzee aliyepiga magoti, akautazama mstari unaotambaa, umebakisha kipande kidogo kama ukucha.

— Mwalimu, aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa. Hilo geti leo unamfungia nani?

Hedimasta alibaki vilevile, magoti chini, kidole hewani, macho ya watu wote juu yake, na nyuma ya kidole chake maandishi ya kijani yakatokea: Imekamilika.